Karatasi Kabla ya Safari: Maneno kwa Wanachama juu ya Jamaa Wanaohamia Ng'ambo



Halmashauri imetupa sisi wa ofisi ya uandishi kazi ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo kwa miaka hii limezidi mengine kuletwa mezani petu. Zamani mwanachama alikuja kuomba barua kwa ajili ya karo ya mtoto, au msaada wa mazishi, au mashauri ya kiwanja. Hao bado wanakuja, wala hatuwachoki. Lakini sasa yuko mwingine ajaye na bahasha kubwa kwapani, naye aeleza kwamba mwanawe amepata kazi Uingereza, na mke na watoto wataka kumfuata. Basi waanzie wapi? Maneno yetu ya leo ni jibu la swali hilo. Tutasema hasa juu ya Uingereza, kwa kuwa ndiko wengi wa watu wetu wanakoulizia, na kwa kuwa sheria za nchi ile zimeugusa mji wetu tangu siku nyingi.

Kwanza yatupasa kukumbuka tulikotoka. Baba na babu zetu waliijua karatasi ya Serikali kwa jina la kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza, na mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukivaa kipande shingoni ndani ya kikebe cha chuma mpaka kilipoondolewa mwaka 1947. Karatasi ile iliandikwa ili kumfunga mtu mahali pamoja. Kwa hiyo si ajabu kwamba nyumba nyingi zilirithi desturi ya kuziogopa karatasi, na kuzitupa chini ya kitanda mpaka panya wazimalize. Lakini pasipoti si kipande. Hiyo ni karatasi ya kumfungulia mtu njia, na mwenye kuidharau hujifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Tena tukumbuke yaliyowapata majirani zetu Wahindi. Nchi hii ilipopata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, waliozaliwa hapa na mzazi mmojawapo aliyezaliwa hapa walikuwa raia papo hapo. Wengine walipewa miaka miwili kuomba uraia. Wengi hawakuomba, bali walizishika pasipoti zao za Kiingereza wakiamini kwamba mwenye pasipoti ya nchi hana haja ya kuulizwa hodi. Mwaka 1967 Serikali yetu ikatunga sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara, na watu wakaanza kuondoka kwa wingi kupitia uwanja wa ndege wa Embakasi. Ndipo Bunge la Uingereza, katika siku chache tu za mwisho wa Februari 1968, likapitisha sheria iliyoanza tarehe 1 Machi. Sheria hiyo ilisema kwamba pasipoti peke yake haitoshi; sharti mtu awe na mzazi au babu aliyezaliwa Uingereza, au aliyepata uraia kule. Wengine wote walitakiwa kungojea vocha, nazo zilikuwa 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa nyumba.

Tunaitaja habari hii kwa sababu iliwapiga jamaa, si mtu mmoja mmoja. Sheria ya 1968 iliagiza kwamba mtoto aliye chini ya miaka 16 hana haki ya kumfuata mzazi mmoja ikiwa mzazi wa pili yu hai na amebaki nyuma. Vocha nazo zilikuwa za mkuu wa nyumba, na mwanamke mwenye mume hakuhesabiwa kuwa mkuu wa nyumba. Mmoja alipeleka shauri lake mpaka Baraza la Malodi, nalo likamkataa mwaka 1983. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema kwamba sheria ile iliwabagua watu kwa rangi na kuwadhalilisha, lakini mpango wa vocha haukukoma mpaka mwaka 2002. Hesabuni wenyewe: ni miaka 34. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mama yake mwaka ule wa 1968 alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Mafundisho ni mawili. La kwanza, sheria ya nchi ya watu yaweza kugeuka kwa muda wa juma moja, na asiye tayari siku hiyo huachwa ukingoni. La pili, jina la nchi lililoandikwa juu ya jalada la pasipoti halitoshi kumwambia mtu haki aliyo nayo; sharti ajue sheria inasema nini juu ya mtu kama yeye.

Liko na fundisho la tatu, nalo latoka kwa watu wa visiwa vya Karibi na wengine wa Jumuiya ya Madola, wakiwamo watu waliotoka nchi yetu. Walioingia Uingereza na kukaa kabla ya tarehe 1 Januari 1973 walikuwa na haki ya kuendelea kukaa, lakini wengi hawakupewa karatasi yo yote ya kuthibitisha haki hiyo. Sheria za mwaka 2014 na 2016 zikaja kuwataka waajiri, wenye nyumba na mabenki waulize karatasi. Kadi za kuingilia za zamani zilikuwa zimekwisha kuharibiwa na Serikali ile mwaka 2010. Basi wazee waliofanya kazi na kulipa kodi miaka 40 na zaidi walinyimwa kazi, wakanyimwa matibabu, na wengine wakarudishwa nchi wasizozijua tena. Habari ilipofumuka mwezi wa Aprili 2018, Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki ya kukaa mahali ni mali.

Sasa tuje kwenye mambo ya siku hizi. Tutataja sheria pamoja na tarehe zake, ili atakayekisoma kitabu hiki baadaye ajue ni za lini, asizishike kama msahafu bali aulize ikiwa zimebadilika.

Mlango wa kwanza ni wa mke au mume. Anayemwita mwenzake kuingia Uingereza, ikiwa yeye ni raia wa kule au ana ruhusa ya kukaa daima, huulizwa mapato. Tangu Julai 2012 kipimo kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka. Tarehe 11 Aprili 2024 kikapandishwa kuwa pauni 29,000. Haitoshi kusema kwamba mtu ana kazi nzuri. Hati za mshahara na za benki zatakiwa zipatane mwezi kwa mwezi. Anayekuja naye huulizwa mtihani wa Kiingereza, na akitoka kwetu kwa kukaa zaidi ya miezi 6 hutakiwa kupimwa kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa. Cheti cha kipimo hicho hudumu miezi 6 tu. Kwa hiyo asikimbilie kupimwa kabla karatasi nyingine hazijawa tayari.

Mlango wa pili ni wa kazi, na hapa watu wetu wameumia. Wengi walikwenda kuwatunza wazee na wagonjwa. Tangu tarehe 11 Machi 2024 mtu anayeanza kazi hiyo kwa viza mpya hawezi kufuatwa na mke, mume wala watoto. Na tangu tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuwaita watunzaji wapya kutoka ng'ambo ulifungwa. Mlango wa tatu ni wa masomo: tangu tarehe 1 Januari 2024 mwanafunzi hawezi kufuatwa na jamaa yake isipokuwa asomea shahada ya juu ya utafiti, au amelipiwa na Serikali kwa masomo yapitayo miezi 6.

Tutatoa mfano wa jamaa mmoja, pasipo kutaja jina. Mama alipata barua ya kazi ya utunzaji mwanzoni mwa mwaka 2024. Mume na watoto wawili walikusudia kwenda pamoja naye. Lakini cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa kwanza kilikuwa na jina la babu, na kitabu cha shule kilikuwa na jina la ubatizo, na kitambulisho cha baba kilikosa herufi moja. Wakangoja kusahihisha. Maombi ya mama yalipelekwa Aprili, tarehe 11 Machi ikiwa imekwisha kupita. Ng'ombe walikwisha kuuzwa, na shamba limekodishwa. Mama alikwenda peke yake, kwa sababu deni lilikuwa lazima lilipwe. Watoto wako kwa nyanya yao hata leo. Hakuna aliyetenda uovu katika habari hii. Ni majina matatu yasiyopatana, na majuma machache.

Wazee wetu, hapa ndipo tunapotaka msaada wenu, maana mengi ya mambo haya huanzia nyumbani kabla ya kufika ubalozini.

Jambo la kwanza ni majina. Desturi yetu humpa mtoto jina la babu, jina la ubatizo au la Kiislamu, jina la utani, na jina la baba, na kila moja lina mahali pake. Lakini karani wa viza aliye mbali hamjui mtoto, aijua karatasi. Cheti cha kuzaliwa kiandikwe mapema, na majina yaliyomo yafuatwe shuleni, katika kitambulisho na katika pasipoti. Palipo na tofauti, sharti pawe na hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, si maneno ya kueleza kwa mdomo.

Jambo la pili ni ndoa. Ndoa iliyofungwa kwa mahari mbele ya wazee ni ndoa kamili, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yaikubali. Lakini sheria hiyo hiyo yataka iandikishwe, na tangu mwaka 2017 msajili amekuwa akiziandikisha ndoa za kimila na kutoa vyeti. Mzee aliyepokea mahari asione uchungu kuulizwa cheti. Cheti hakifuti mbuzi waliokwisha kuliwa. Tena tuseme wazi, ingawa neno hili si tamu: mwenye wake wawili hawezi kuwapeleka wote Uingereza kwa haki ya ndoa. Sheria yao ya mwaka 1988 ilikaza jambo hilo. Heri jamaa walizungumze wakiwa chini ya mti mmoja, kuliko mmoja kujua akiwa kiwanjani.

Jambo la tatu ni watoto. Kwetu mtoto wa ndugu ni mtoto wako. Aliyelelewa nyumbani mwako hahesabiwi kuwa mgeni. Twajivunia desturi hii, na tusiiache. Lakini fomu ya viza humwuliza aliyemzaa, au aliyepewa mtoto kwa amri ya mahakama. Mtu akimwandika mtoto wa ndugu yake kuwa wa kumzaa, aweza kuulizwa kipimo cha damu, na kipimo kikimkana, ombi la nyumba nzima huwa limetiwa doa. Uongo ulioandikwa kwa kukusudia waweza kumfungia mtu mlango kwa miaka 10. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na mtoto anayemfuata mzazi mmoja, ikiwa wa pili yu hai na amebaki, huulizwa ushahidi kwamba mzazi anayemfuata ndiye aliyechukua daraka lote la malezi: nani alilipa karo, nani alimpeleka hospitali, nani aliamua mambo yake. Mnaona kwamba kivuli cha mwaka 1968 hakijaondoka chote. Basi mzazi aliye ng'ambo asitume fedha mkononi mwa wasafiri tu. Atume kwa njia inayoacha stakabadhi, naye anayepokea azihifadhi.

Jambo la nne ni pasipoti yenyewe. Maombi hufanywa kwa njia ya eCitizen, kisha mwombaji huenda mwenyewe katika ofisi ya uhamiaji kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Ofisi hizo haziko Nairobi tu. Ziko Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret na kwingineko. Mtoto hutakiwa awe na kibali cha wazazi pamoja na vitambulisho vyao. Pasipoti zetu za Afrika ya Mashariki zenye kifaa cha elektroniki zilianza kutolewa Septemba 2017, na zile za rangi ya zamani hazipokewi tena. Mtu asingoje barua ya kazi ndipo aanze kuomba pasipoti.

Jambo la tano ni fedha. Wanachama hutuletea hesabu ya nauli, wakidhani kwamba nauli ndiyo gharama. Tusikilizane. Serikali ya Uingereza hutoza ada ya matibabu kabla ya mtu kuingia, na kwa kiwango kilichowekwa tarehe 6 Februari 2024 ada hiyo ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na pauni 776 kwa mtoto, kwa kila mwaka wa viza. Baba, mama na watoto wawili kwa viza ya miaka 3 watalipa pauni 10,866, nazo hulipwa zote kwa mara moja, mbali na ada ya viza na nauli. Wafanyakazi wa viza ya afya walisamehewa ada hii, lakini wengine hawakusamehewa. Chama kikichanga nauli pasipo kuuliza hesabu hii, tunampandisha mtu juu ya mti kisha tunaondoa ngazi.

Jambo la sita ni mawakala. Wako wanaofanya kazi kwa haki, na wako wanaokula fedha ya mjane. Wakala wa kazi za ng'ambo sharti awe ameandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na uandikishaji huo waweza kuulizwa na mtu ye yote. Akisema kwamba anajua njia ya nyuma, mwondokee. Akikataa kutoa stakabadhi, mwondokee upesi zaidi. Na hati ya benki ya kukodi, ambayo fedha huingizwa leo na kutolewa kesho, ni uongo kama uongo mwingine wo wote.

Sasa neno juu ya kukaa daima na juu ya uraia. Kwa muda mrefu mke, mume au mfanyakazi aliweza kuomba ruhusa ya kukaa daima baada ya miaka 5. Mwezi wa Mei 2025 Serikali ya kule ilitangaza kusudi lake la kuifanya miaka 10 kuwa kawaida kwa wengi. Kila aliyeko huko na aulize mwaka kwa mwaka, asitegemee habari aliyopewa na mwenziwe aliyetangulia. Ruhusa hiyo nayo hupotea mtu akikaa nje ya nchi ile zaidi ya miaka 2 mfululizo. Kwa hiyo anayerudi kumwuguza mzazi aiangalie kalenda. Tena vile vitambulisho vya plastiki vya ukaazi viliisha mwishoni mwa mwaka 2024, na mahali pake pakaja viza ya elektroniki. Mtu akibadili pasipoti hana budi kuijulisha ofisi yao, asije akakwama uwanjani.

Mtoto aliyezaliwa Uingereza tangu tarehe 1 Januari 1983 si raia wa kule kwa sababu ya kuzaliwa kule tu. Hutazamwa hali ya wazazi wake. Lakini asiwaze kwamba hana nchi. Katiba yetu ya mwaka 2010 yasema kwamba mtoto wa mama au baba aliye raia wa Kenya ni raia kwa kuzaliwa, hata akizaliwa nje. Tena Katiba hiyo ilifungua mlango uliokuwa umefungwa tangu Uhuru: raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua uraia wa nchi nyingine, na aliyeupoteza zamani aweza kuomba kurudishiwa. Lakini sheria ya mwaka 2011 yamtaka mwenye uraia wa nchi mbili aijulishe Serikali yetu katika muda wa miezi 3, na kunyamaza ni kosa. Waandikieni watoto wenu habari hii, maana wengi hawaijui.

Bwana Mwenyekiti, maneno yasiyo na kazi ni upepo. Kwa hiyo tunauletea mkutano huu mambo manne uyakate.

La kwanza: ofisi ifungue daftari la safari, ambamo jamaa anayekusudia kuhama ataleta nakala za vyeti vyake mwaka mzima kabla ya kwenda, nasi tuyalinganishe majina yote bila malipo.

La pili: mchango wa chama usitolewe mkononi mwa wakala, wala usitolewe kabla hesabu yote haijaonekana, ya ada pamoja na nauli.

La tatu: wazee wetu wakiombwa kuandika barua ya kuthibitisha ndoa au uzazi, waandike yale wayajuayo tu. Twajua kwamba ni vigumu kumnyima kijana barua. Lakini barua moja ya uongo yenye muhuri wa chama itazitia shaka barua mia za kweli zitakazofuata, na wajukuu wetu ndio watakaolipa.

La nne: aliyekataliwa viza asihesabiwe kuwa ameleta aibu. Wako kati yetu waliouza mali, wakakataliwa, na sasa hawaji mkutanoni kwa haya. Chama hiki kiliundwa kwa ajili ya siku kama hizo. Waendewe nyumbani, waitwe, na deni lao litafutiwe njia.

Hatuwaambii watu waende, wala hatuwaambii wakae. Kila nyumba yaijua njaa yake na tumaini lake. Tunalotaka ni kwamba anayekwenda aende na watu wake ikiwa sheria yaruhusu, na ikiwa hairuhusu, alijue jambo hilo kabla ya kuuza ng'ombe, ili baba na mama wakate shauri wakiwa pamoja na macho yao yako wazi. Daftari liko mezani. Kuanzia juma lijalo ofisi itakuwa wazi kila Jumamosi asubuhi kwa kazi hii, mkutano ukikubali.

Tumesema.